Malalamiko ya Mkereza Vali Dhidi ya Robo ya Kipenyo

Karakana ya Pampu na Vali,
Meza ya tatu kutoka mlangoni.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
Madarasa ya Alasiri.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: OMBI LA KUMWONDOA MKE WANGU KATIKA SOMO LA JOMETRI

Pokea salamu za mtu aliyekaa siku nne akitafuta maneno ya adabu, akayapata machache.

Mimi ni mkereza vyuma. Nimesimama mbele ya mashine ya kukereza kwa miaka thelathini na mmoja, nikitengeneza vali za maji, na katika muda wote huo nimeandika barua moja tu ya malalamiko. Ilihusu feni ya karakana, na feni ilirekebishwa. Kwa hiyo naomba usinitie katika kundi la watu wanaoandika barua kila jua linapochomoza. Nimesukumwa.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa ofisi, niruhusu kwanza nikueleze kazi yangu. Vali ya pampu ni kitu rahisi. Kuna tundu, na juu ya tundu kuna kisahani cha shaba. Pampu ikisukuma, kisahani kinainuka, maji yanapita. Pampu ikipumua, kisahani kinaanguka juu ya ukingo wa tundu, ambao sisi tunauita kiti, na maji hayarudi tena. Basi, hakuna zaidi. Umbali ambao kisahani kinainuka tunauita mwinuko, na mwinuko ndio ulionipa jina. Karakana nzima wananiita Mzee Inua, kwa sababu mtu akiniletea vali inayopitisha maji haba, jibu langu huwa ni moja: inua. Kisahani kipate kupanda zaidi, maji yapite zaidi. Jibu hili limelisha familia yangu na kusomesha watoto wanne.

Mke wangu ni mshona nguo. Sketi za duara zilikuwa zikimpotezea kitambaa, kila akikata anabaki na vipande visivyofaa hata kufutia vumbi. Siku moja akaliona tangazo lenu kwenye ukuta wa duka la vifungo: "Jometri kwa Mafundi wa Fani Zote." Nilimruhusu kwenda. Hapana, niseme ukweli, aliniarifu. Siku ya kwanza nilimsindikiza mpaka getini kwenu nikimbebea mkoba. Nalitaja hili ili ujue kwamba sikuanza na chuki.

Sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio.

1. La kwanza linahusu pai. Mke wangu alitoka nyumbani akiwa mtu wa kawaida, na baada ya wiki mbili akarudi na namba isiyokuwa na mwisho. Tatu nukta moja nne, na bado inaendelea. Nikamwuliza, "Inaishia wapi?" Akasema, "Haiishi." Nikamwuliza, kama haiishi, mwalimu anawaachia vipi wakaondoka saa kumi na moja. Akacheka, na sikuwa nimefanya mzaha.

Tangu siku hiyo hakuna kitu cha mviringo kilichopata amani nyumbani kwetu. Alipima mfuniko wa sufuria, akapima beseni, akapima ndoo, akapima saa ya ukutani ikiwa inatembea. Halafu akanipima kiuno, akagawanya kwa pai, akanitajia kipenyo changu mbele ya dada yangu aliyekuja kutusalimia. Dada alicheka mpaka akaomba maji. Ndugu Mkuu, mwanamume ana haki ya kuzeeka bila kujua kipenyo chake.

2. La pili linamhusu mama mkwe wangu. Najua utasema chuo hakina mkataba na mama mkwe wangu. Vuta subira, utaona kinavyohusika.

Mama mkwe anakaa mtaa wa juu, na nyumba ya pampu iko chini bondeni. Kwa mwaka mzima mabomba ya mtaa wa juu yalikuwa yakikohoa tu. Asubuhi yanatoa upepo, mchana yanatoa matone, jioni hayatoi kitu. Mama mkwe ana goti baya, na kwa goti hilo alikuwa akishuka ngazi sitini na mbili na kuzipanda tena na kindoo mkononi, akisimama kila baada ya ngazi kumi kama anayehesabu mali zake. Majirani zake wengi ni watu wazima kama yeye. Nilikuwa nikiona aibu kupita mtaa ule, kwa sababu vali ya pampu ile niliitengeneza kwa mikono yangu.

Nilifanya nilichokijua. Tundu la vali lina kipenyo cha sentimita nane. Mwinuko ulikuwa sentimita mbili u nusu, nikauongeza ukawa tatu. Maji hayakuongezeka. Nikauongeza ukawa nne, nikabadilisha na springi nikaweka iliyo laini, ili kisahani kipande bila kizuizi. Pampu ikaanza kupiga kelele, ga! ga! ga!, kama mtu anayefunga milango ya nyumba nzima kwa hasira. Maji hayakuongezeka. Nikasema mabomba yana kutu.

Jumapili moja tukamtembelea. Alinitengea maji ya kunywa kwenye glasi, nusu glasi, akaniwekea kwa mikono miwili, akasema kwa upole ule ambao mkwe hawezi kuujibu: "Mkwe wangu, nasikia vali zako siku hizi zinapanda sana. Mbona maji hayapandi?"

Niliinama nikanywa. Yalikuwa machache, yakaisha kabla sijapata jibu. Mke wangu nilimwona anaitazama ile glasi kutoka juu, jicho moja amelifumba.

3. La tatu ndilo kubwa, na lilitokea mbele ya mashahidi.

Alhamisi iliyofuata mke wangu alikuja karakana kuniletea miwani niliyoisahau. Vali ilikuwa mezani, nimeifungua kwa mara ya tano. Akaweka miwani chini, akavuta kigoda, akaketi. Mkobani alikuwa na kitambaa cha samawati ambacho mimi nilikuwa nimeahidiwa kitakuwa shati langu.

Akaniuliza, "Kisahani kikiinuka, maji yanatokea wapi?"

"Hapa pembeni. Kati ya kisahani na kiti."

"Upande mmoja au pande zote?"

"Pande zote. Yanazunguka."

"Basi hilo ni pindo la sketi," akasema. "Lina kuzunguka kwake, na lina kimo chake."

Kabla sijamwambia kwamba karakana si mahali pa sketi, alikuwa ameshatoa mkasi. Akakizungushia kisahani ukanda wa kitambaa, kimo chake sentimita mbili, akakata mahali ncha zilipokutana, akauondoa na kuutandaza mezani. Ulikuwa mstatili ulionyooka. Kisha akaweka kitambaa juu ya tundu, akakata duara la kulitosha. Akaviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu, mstatili na duara, vyote vya shati langu.

"Hapa pana milango miwili," akasema. "Mmoja ni tundu, wa chini. Mwingine ni huu wa pembeni. Maji hayana budi kupita milango yote miwili. Si ndiyo?"

Nikakubali. Sikuona mtego.

Akachukua chaki yake ya kushonea akaandika juu ya meza yangu ya kazi. Tundu: nusu kipenyo ni nne, nne mara nne mara pai, eneo lake ni sentimita za mraba hamsini na robo hivi. Mstatili: kipenyo nane mara pai, kuzunguka kwake ni ishirini na tano na kidogo, mara kimo cha mbili, ni hamsini na robo hivi. Akazipigia mstari hesabu zote mbili. Zilikuwa sawasawa.

"Kisahani kikiinuka robo ya kipenyo cha tundu, milango miwili imelingana," akasema. "Hapa robo ya nane ni mbili. Ukiinua zaidi, unapanua mlango wa pembeni peke yake. Wa chini uko palepale. Wewe umeinua ngapi?"

"Nne," nikasema, kabla sijauzuia ulimi.

"Basi sentimita mbili za juu ni za bure, baba watoto. Tena afadhali zingekuwa za bure. Kisahani kina safari ndefu ya kurudi chini. Kabla hakijafika kitini, maji yameshageuka yanarudi kwenye pampu. Kila pigo unapanda na kikombe, unashuka na sehemu yake. Na hiyo ga ga ga ni kisahani kinachochelewa nyumbani na kuubamiza mlango."

Wakati huo mchomeleaji alikuwa amezima mashine yake ili asikie vizuri. Mchomeleaji yule hazimi mashine hata akiitwa na mhandisi mkuu.

4 na 5. Haya mawili nayaunganisha kwa kuwa yalitokea siku moja na yote yananidhalilisha.

Nilikataa. Nilisema vali si sketi. Mke wangu akasema hakusema ni sketi, alisema ni mlango. "Nyumba yenye mlango mwembamba," akasema, "hata ukiipandisha dari mpaka mawinguni, watu hawataingia wengi zaidi." Nilisema nimekula chumvi nyingi. Akasema labda ndiyo maana nina kiu. Mafundi wakacheka, mimi nikavaa miwani, nikajifanya natafuta tupa.

Alasiri ile ile, bila yeye kujua, nilikuja chuoni kwenu. Mwalimu wenu wa jometri, yule mfupi mwenye sauti ya chini, alikuwa akifuta ubao. Nilimweleza jambo lenyewe nikijidai ni la rafiki yangu. Nikamwuliza, "Mwalimu, pai inaweza kukosea?"

Akasema, "Pai haikosei, mzee. Ila wanaoitumia hukosea mara nyingi."

Moyo wangu ukatulia. Nikampa hesabu niliyokuwa nimeinakili kutoka mezani. Akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili, akanirudishia kwa mikono miwili. "Hii haina kosa," akasema. "Rafiki yako amwombe radhi mkewe." Sikuwa nimemwambia kwamba ni mke. Nalalamika kwamba chuo kinaajiri walimu wasiojali uzoefu, wasiojua kuacha nafasi ndogo ya mtu kupata ahueni, na wanaosoma nyuso za wageni.

6. La sita: hesabu hiyo ilifanya kazi. Naomba uzito wa lalamiko hili usipuuzwe, maana kama isingefanya kazi, nisingekuwa na haja ya kukuandikia.

Nilikereza bushi ndogo, pete ya chuma ya kukizuia kisahani kisipande zaidi ya sentimita mbili. Niliikereza kwa nia mbaya kabisa. Nia yangu ilikuwa kumwumbua mke wangu kwa ushahidi wa chuma. Nikashuka nayo bondeni kwa mwendesha pampu, ambaye ni mtu makini wa kuhesabu. Kabla ya bushi, pampu ilijaza pipa kwa mapigo tisini na sita. Tukaitia bushi, tukaanza upya. Pipa likajaa kwa mapigo themanini. Nikamwambia amekosea kuhesabu. Tukamwaga, tukarudia. Themanini.

Jambo la pili lilikuwa kimya. Ule mlio wa ga ga ga ulitoweka. Mwendesha pampu alikuwa ametoka nje kidogo kunyoosha miguu, akarudi mbio akidhani pampu imezimika. Akakuta inafanya kazi taratibu, kisahani kinapanda na kushuka kama mtu mstaarabu. Akavua kofia, akasimama kuitazama. Nami nilisimama kando yake, na sijui niandikeje nilichosikia moyoni. Nilifurahi, Ndugu Mkuu. Nilifurahi kama siku nilipokereza kisahani changu cha kwanza. Halafu nikakumbuka kwamba nimeshindwa.

Saa sita mchana mama mkwe akapiga simu. Bomba la jikoni kwake alikuwa ameliacha wazi tangu mwaka jana, kwa kukata tamaa, na sasa lilikuwa limemlowesha mpaka chumbani. "Mwambie mkwe wangu," alimwambia mke wangu, "aje na ufagio."

7. Hili la saba nalilalamikia kwa sauti ya chini, maana mshtakiwa ni mimi.

Mhandisi mkuu alipata habari kwamba mtaa wa juu una maji. Yeye ni mtu wa haraka, hapendi kuuliza mara mbili. Jumatatu asubuhi akawakusanya mafundi wote uwanjani, akanishika mkono, akauinua. "Mnaona faida ya uzoefu?" akasema. "Mwaka mzima tumelalamikia mabomba. Fundi wetu ameketi, ameumiza kichwa, amegundua. Mpigieni makofi!"

Nilifungua mdomo kusema. Kilichotoka ni "Asante."

Mke wangu alikuwepo. Alikuwa amekuja kuwapima mafundi, kwa kuwa karakana ilimpa kazi ya kushona ovaroli mpya. Alikuwa amesimama nyuma ya mchomeleaji, futi shingoni, akimpima mabega. Aliyasikia yote. Hakuinua kichwa. Futi ilimteleza mkononi mara moja tu, akaiokota, akaendelea kupima.

Nyumbani sikugombezwa. Laiti ningegombezwa! Kulikuwa na adabu. "Fundi, chakula kipo mezani." "Fundi, maji ya kuoga tayari." Kwa miaka yote ya ndoa yetu mimi ni baba watoto. Siku tatu nilikuwa Fundi. Hakupima kitu chochote. Mifuniko ya sufuria ilikaa kwa amani, daftari lake la jometri likawa chini ya rundo la vitambaa, na siku ya darasa lenu hakwenda. Alisema ana kazi nyingi. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

Nilidhani huo ndio ushindi nilioutaka. Nyumba ilikuwa kimya, pai imeondoka, na mimi nimekaa kitini naheshimiwa. Nakwambia, chakula kilikuwa kizuri na sikukimaliza hata siku moja.

Siku ya nne, asubuhi, kabla mhandisi mkuu hajagawa kazi, nilinyoosha mkono. Nikasema, mbele ya wote, kwamba ile hesabu ya vali si yangu, ni ya mke wangu mshona nguo, kwamba mimi niliitengeneza bushi ili nimwaibishe, na kwamba nilipopigiwa makofi nilinyamaza. Mhandisi mkuu alinitazama, akageuka kuwatazama mafundi.

Mchomeleaji akasema, "Tunajua, Mzee Inua. Tulikuwepo. Tulikuwa tunakusubiri."

Walikuwa wananisubiri siku tatu nzima, watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyenidokeza.

Jioni nilimkuta mke wangu amefunua cherehani, anashona. Nikasimama mlangoni.

"Nimesema," nikamwambia.

"Umesema nini?"

"Kwamba ni wewe."

Akaendelea kukanyaga mpaka mshono ukafika mwisho. Akakata uzi kwa meno. "Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote. Hata mlinzi."

Akakikunjua kitambaa, akakitazama kwenye dirisha, akasema, "Basi sogea, baba watoto. Umesimama kwenye mwanga wangu."

8. Ungedhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nilipomweleza mama mkwe ukweli, nikiwa nimepiga goti la adabu, aliniambia alijua tangu siku ya kwanza. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Maji yalikuja kimya kimya, mkwe wangu. Nikajua si kazi yako." Tena akanijazia glasi mpaka pomoni, ikamwagikia suruali yangu.

Mhandisi mkuu amemtaka mke wangu azikague vali nyingine tatu. Mafundi wa karakana jirani wanakuja nyumbani kwetu na vali mifukoni. Wanabisha hodi, nawafungulia, wananisalimu vizuri, kisha wananiuliza, "Fundi yupo?" Nasema, "Ndiye mimi." Wanasema, "Yule wa hesabu." Nawaonyesha cherehani ilipo, nawapisha.

Na jina langu limekwenda. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa Mzee Inua. Sasa naitwa Mzee Robo. Shati langu la samawati limekamilika, lakini mkono mmoja ni mfupi kuliko mwenzake, na kila nikilivaa kazini wananiuliza mkono ule umepungua kwa sentimita ngapi za mraba.

Kwa hayo yote, Ndugu Mkuu, naomba kwa heshima mambo yafuatayo. Kwanza, mke wangu aondolewe katika somo la jometri kuanzia wiki ijayo, arudishwe nyumbani katika hali ile ile niliyomkabidhi getini. Pili, kama haiwezekani kumrudisha alivyokuwa, basi pai ikatwe iwe tatu kamili, ili wote tuwe tunakosea kwa kiwango kimoja. Tatu, kama pai nayo haikatiki, jometri ifundishwe kwa watu wasio na waume, wasio na wake, wasio na mama wakwe, na wanaoishi mbali na kitu chochote kinachopitisha maji. Nne, endapo watu wa namna hiyo hawapatikani, naomba darasa lifungwe, ubao ugeuzwe ukutani, na mwalimu mwenye sauti ya chini apewe somo lisilo na majibu, ili naye aonje kutokuwa na hakika.

Sina kinyongo na mtu. Nifikishie salamu kwa huyo mwalimu, kwa karani wenu aliyemwandikia mke wangu risiti ya ada kwa mwandiko mzuri, kwa mlinzi wa getini aliyenipigia saluti nilipokuja kwa siri, jambo lililoifanya siri isiwe siri, na kwa wanafunzi wote wa alasiri, washona viatu, waezekaji na mafundi seremala. Wote wa kwangu hawajambo. Mama mkwe hajambo, goti limepata nafuu kwa kuwa ngazi ameziacha.

Ni mimi mwenye kulalamika kwa unyenyekevu,

Mkereza vali,
(zamani Mzee Inua)

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, kuna jambo dogo la haraka. Vali mojawapo ya zile tatu ina kiti cha mshazari, kimelala nusu pembe mraba, na kisahani chake ukingo wake umelala vilevile. Ukanda wa pembeni haukubali kuwa mstatili. Kila tukiutandaza unakuja umepinda kama kola. Tumeshakata magazeti manane, mimi na mke wangu, sakafuni, tangu asubuhi. Yeye anasema ni kipande cha koni kilichokatwa kichwa. Mimi nilikataa mpaka saa nne, kisha nikaona ni kweli. Sasa tumekwama kwenye kimo cha huo ukanda, kwa sababu si sawa na mwinuko, ni kifupi zaidi, na hakuna kati yetu anayejua ni kifupi kwa kiasi gani. Mke wangu anasema mwalimu amepanga kufundisha koni muhula ujao. Ndugu Mkuu, muhula ujao ni mbali, na vali inatakiwa Ijumaa. Nakusihi umwombe airuke sura ya pembe nne aende kwenye koni Jumatano hii. Nafasi ziwe mbili. Tafadhali nisiwekwe karibu na mke wangu, maana huficha majibu kwa kiwiko. Ombi la kumwondoa libaki palepale, ila lisitekelezwe kabla ya koni. Naambiwa baada ya koni kuna tufe.